Usimnyoe kwa sababu ya joto: kutunza manyoya ya Cocker Spaniel nyumbani

«Daktari, habari za kazi. Ninaishi Dar es Salaam na nina mbwa jike wa aina ya Cocker Spaniel, ana miaka miwili na rangi yake ni ya dhahabu. Tunamwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya mche, kisha tunamchana kabla hajakauka kwa kuwa manyoya huwa yamelainika. Hata hivyo nyuma ya masikio na kwapani kumejaa mafundo magumu, na akiguswa hapo hung'aka. Kinyozi wa mtaani kwetu ameniambia niyanyoe yote kwa mashine, mbwa abaki kipara, kwa kuwa joto la Januari na Februari linamtesa. Tena siku hizi masikio yake yana harufu mbaya, nami nadhani ni kwa sababu ya maji yanayoingia anapooga. Je, nimnyoe? Na je, kazi hii ninaiweza mwenyewe nyumbani, au ni lazima nitafute mtu?»

Asante kwa kulieleza tatizo kwa kina, kwani maelezo yako yamenionyesha chanzo chake. Una hofu mbili: kwamba joto linamuumiza mbwa wako, na kwamba mafundo yamefika mahali ambapo hakuna dawa ila mashine. Jibu langu ni kwamba usimnyoe kipara, na kwamba utunzaji wa manyoya yake unauweza mwenyewe, nyumbani kwako, kwa vifaa vichache. Lakini masikio yanayonuka hayangoji. Yaangaliwe na daktari wa mifugo wiki hii, kabla hujagusa fundo lolote lililo karibu nayo, na sababu yake nitaieleza.

Nianze na joto, kwa kuwa ndilo linalowafanya watu wengi wa pwani wakimbilie mashine. Mwanadamu hupoa kwa jasho la mwili mzima, ndiyo maana akivua shati huona nafuu. Mbwa hapoi hivyo. Jasho lake la kupoza mwili hutoka kwenye nyayo tu, tena ni kidogo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya kwa kuhema, ulimi nje, hewa ikipita juu ya utando wenye unyevu wa mdomo na pua na kuondoka na joto. Ukimnyoa hujamwongezea uwezo wa kuhema, bali umemwondolea kivuli alichozaliwa nacho, maana manyoya ya juu huzuia jua lisipige ngozi moja kwa moja, na ngozi ya Spaniel wa dhahabu iliyonyolewa hadi chini huweza kubabuka kwa jua la saa sita mchana. Kitakachomsaidia Januari na Februari ni kivuli, maji safi wakati wote, sakafu ya saruji au vigae ya kulalia, na matembezi ya alfajiri au baada ya jua kuzama.

Katika maneno ya kinyozi wako mna ukweli kidogo, nami sitaki kuuficha. Manyoya yaliyofungamana hushika joto na unyevu, kwa sababu hewa haipiti tena kati ya unyoya na unyoya. Inawezekana kabisa kwamba mbwa wako anataabika. Kinachomtaabisha, hata hivyo, ni mafundo na si urefu, na dawa yake ni kuyafungua manyoya mpaka hewa ifike kwenye ngozi.

Cocker Spaniel ana manyoya ya tabaka mbili. Aina hii ilikuzwa Uingereza kwa kazi ya kufurusha ndege vichakani, na jina lake limetokana na ndege wa huko aitwaye woodcock. Manyoya ya juu, yaliyolala na yanayoteleza, yalimkinga na miiba na mvua. Chini yake kuna manyoya mafupi, laini kama sufi ya kwenye mto. Mashine hukata tabaka zote mbili kwa urefu mmoja, na yanapoota tena, yale ya chini hutangulia kwa kuwa safari yake ni fupi, ilhali ya juu huchelewa. Matokeo yake ni mgongo wa pamba, usio na mng'ao, unaonasa kila jani na kufunga mafundo kuliko mwanzo. Mbwa wengine hurudia hali yao baada ya mwaka au zaidi. Wengine hawarudii kabisa. Hukusema kama mbwa wako amefungwa uzazi. Kama amefungwa, jihadhari zaidi, kwa kuwa Spaniel wengi waliofungwa uzazi huota manyoya mengi ya pamba hata bila kunyolewa, nao huhitaji kuchanwa mara nyingi kuliko wenzao.

Sasa tuyaangalie mafundo yenyewe, kwani ukielewa yanavyojifunga utajua mwenyewe kwa nini bidii yako ya kila Jumamosi imeyazidisha. Kila unyoya umefunikwa na magamba madogo mno yaliyopangana kama makuti juu ya paa, yote yakielekea ncha. Manyoya ya chini yaliyokufa hung'oka, lakini hayaanguki. Hunaswa na yale marefu. Mahali penye msuguano, kama vile chini ya ukosi, kwapani, kinenani na nyuma ya masikio, unyoya mmoja huupanda mwenzake, magamba yakashikana, na kila mbwa anapotembea hushikana zaidi. Ukiongeza maji, manyoya huvimba na magamba huinuka. Yakikauka hujikaza, na fundo lililokuwa legevu huwa kama kipande cha zulia. Sufu hugeuzwa kitambaa kizito kwa njia hiyo hiyo: maji, sabuni na kusugua. Kwa hiyo kumwogesha mbwa mwenye mafundo ndipo umchane ni kuyafunga kwanza, kisha kujaribu kuyafungua.

Sabuni ya mche nayo inachangia. Imetengenezwa kwa magadi makali, na ukali huo unaofaa kwa kuondoa mafuta kwenye nguo huondoa pia mafuta ya ngozi ya mbwa na kuyainua magamba ya manyoya. Ngozi ya mbwa ina uchachu mdogo kuliko yetu, kwa hiyo hata shampuu ya watu si mbadala mzuri wa kudumu. Nunua shampuu ya mbwa, ichanganye na maji kwenye chupa kabla ya kuipaka ili isuuzike kwa urahisi, na umwogeshe kila baada ya wiki nne hadi sita badala ya kila wiki. Akiingia matopeni katikati ya muda huo, maji matupu yanatosha, mradi umchane akishakauka.

Kwa hiyo mpangilio wako ugeuke: kuchana kwanza, akiwa mkavu, na kuoga baadaye. Vifaa vya lazima ni vichache: brashi yenye sindano nyembamba za waya zilizopinda, kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na ya kubanana upande wa pili, mkasi mdogo wenye ncha butu, na, ukiweza kuupata, mkasi wa kupunguzia, ule ambao ubapa wake mmoja una meno. Kati ya vyote, kitana ndicho kinachosema kweli. Brashi huweza kulainisha juu ikamfanya mbwa apendeze, huku chini, karibu na ngozi, kuna tabaka lililofumana ambalo mwenye mbwa hajui kabisa kwamba lipo. Naamini hilo ndilo lililokupata. Wengi wanaoniletea Spaniel wenye mafundo ni watu wanaochana kila siku, lakini wanachana juu juu.

Njia sahihi msusi yeyote anaijua. Kabla ya kusuka, msusi hugawa nywele njia mpaka ngozi ya kichwa ionekane, na wewe ufanye vivyo hivyo. Mlaze mbwa ubavu. Kwa kiganja kimoja inua manyoya ya mguu au ya ubavu na uyashikilie yakiwa yamegeukia juu, ubakize safu nyembamba chini ambayo unaiona ngozi yake. Chana safu hiyo kwa brashi, kuanzia nchani ukirudi kwenye shina, kisha pitisha kitana. Kitana kikipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, teremsha safu nyingine. Dakika 15 mara tatu au nne kwa wiki zinatosha, na masikio, kwapa na sehemu ya nyuma ya mapaja uyapitie kila siku hata kama ni kwa dakika mbili. Anza na sehemu zisizouma, umpe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa, kisha uache kabla hajachoka. Mbwa anayeng'aka akiguswa kwapani hana kiburi. Anaogopa maumivu anayoyakumbuka, na hofu hiyo haiondoki kwa kushikwa kwa nguvu.

Fundo dogo lifungue kwa vidole kwanza. Lishike kwenye shina lake, baina ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usiifikie ngozi. Kisha lipasue polepole, ukitumia jino la mwisho la kitana, kuanzia pembeni. Ukinyunyiza wanga wa mahindi kidogo, ule unga mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito, manyoya yatateleza vizuri zaidi. Fundo gumu usilipiganie. Pitisha kitana chini yake, kati ya ngozi na fundo, kiwe kama ukuta, kisha kata juu ya kitana. Usiingize mkasi chini ya fundo bila kitana hata mara moja, kwa sababu fundo huivuta ngozi ikasimama kama hema, na unachodhani ni manyoya huwa ni ngozi yenyewe. Nimeshona majeraha ya namna hii mara nyingi, na karibu yote yalisababishwa na watu waliokuwa wakiwapenda sana mbwa wao. Hatari zaidi ni ukingo wa nje wa sikio, karibu na shina lake, ambapo ngozi imejikunja na kufanya kijifuko kidogo. Kinajificha ndani ya manyoya na hukatika upesi.

Mafundo yakiisha ndipo umwogeshe, kwa maji ya uvuguvugu. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kisha suuza tena, maana shampuu iliyobaki huwasha. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Kama chako ni mojawapo, weka ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya suuzo la mwisho, na fanya hivyo pia kila anaporudi kuogelea baharini. Taulo ulikandamize, usilisugue. Halafu mkaushe kabisa kwa feni au kwa mashine ya kukaushia nywele iliyowekwa kwenye hewa ya baridi, ukimchana huku anakauka. Katika hewa yetu yenye unyevu, Spaniel aliyeachwa ajikaushe mwenyewe huweza kubaki na maji chini ya masikio na kwapani kwa saa nyingi, na hapo bakteria huzaliana hadi ngozi ikatoka kidonda chekundu kinacholowa, ambacho hupanuka katika muda wa saa chache. Mwogeshe asubuhi, usimwogeshe jioni.

Mgongo na kichwa havihitaji mashine. Huko manyoya yaliyokufa hutoka kwa kidole gumba na cha shahada: unakamata machache sana kwa ncha, unavuta kuelekea yalikolala, nayo huja bila kumuumiza kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuachia. Ukivaa vifuniko vya mpira vya vidole, kama vile vya kuhesabia noti, utakamata vizuri zaidi. Fanya kazi hii kabla ya kuoga, kwani manyoya yaliyooshwa huteleza. Ni kazi ya uvumilivu, lakini mimi binafsi naipenda kuliko zote, kwa sababu matokeo yake ni mgongo unaong'aa ambao mashine haiwezi kuuleta.

Mashine ina mahali pake, na kubwa zaidi ni masikio. Theluthi ya juu ya sikio, nje na ndani, na eneo linaloizunguka tundu lake, hupunguzwa yawe mafupi ili sikio liwe jepesi na hewa iingie. Kwa kisu cha mashine cha namba 10, kinachoacha takribani milimita 1.5, kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini gusa kisu kwa kiganja kila mara, kwa kuwa hupata moto na kuunguza. Kama huna mashine, mkasi wa kupunguzia unatosha. Tumbo nalo linaweza kupunguzwa ili ngozi iguse sakafu ya baridi anapolala, na huo ndio unyoaji ninaoukubali kwa sababu ya joto.

Nyayo zisisahauliwe. Punguza manyoya yanayotokeza kati ya vidole, upande wa chini, yalingane na nyama ya wayo, kwani humo ndimo kishona nguo na mbegu kali za nyasi hunasa, na mbegu za nyasi huweza kutoboa ngozi na kuendelea kuzama. Humo pia, na ndani ya masikio, ndimo kupe hujificha. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia, anayeishi hata ndani ya nyumba, huambukiza ugonjwa wa damu uitwao erlikiosisi, kwa hiyo kuchana mpaka kwenye ngozi ni ukaguzi wa afya na si urembo tu. Mng'oe kwa kibano, ukimkamata karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Usimpake mbwa mafuta ya taa, wala usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe uliyoikadiria kwa kizibo. Kipimo cha ng'ombe kimewaua mbwa.

Nirudi kwenye masikio, kama nilivyoahidi. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani, kwa hiyo uchafu hautoki wenyewe. Kwa Spaniel juu yake kuna sikio zito lenye manyoya linaloufunika kama kifuniko cha chungu, na tezi zake za nta huongezeka haraka pakipata uvimbe. Joto, giza, unyevu na nta vikikutana, kuvu wa jamii ya hamira na bakteria hustawi. Maji ya kuoga huchangia, lakini si chanzo pekee. Mara nyingi nyuma yake kuna mzio, hasa ugonjwa unaporudi baada ya kutibiwa. Harufu maana yake maambukizi yamekwisha kuanza, nayo huuma, na huenda ndiyo sababu ya kung'aka kwake kuliko mafundo yenyewe. Daktari atatazama ndani kwa kifaa chenye taa kuona kama kiwambo cha sikio ni kizima, na atachukua sampuli aiangalie kwa hadubini. Mpaka hapo usitie chochote: si mafuta, si spiriti, si maji ya ndimu, wala vijiti vya pamba, ambavyo husukuma uchafu hadi kwenye kona. Kiwambo kikiwa kimepasuka, dawa isiyofaa huweza kumfanya kiziwi. Uziwi huo huenda usipone. Akipona, utafundishwa kusafisha kwa dawa ya maji ya masikio, na ndipo utaratibu wa nyumbani utakapoanza.

Mwombe daktari huyo huyo akuangalizie mafundo ya nyuma ya masikio. Kama yamekuwa bamba moja gumu ambalo kitana hakipiti chini yake, yanyolewe hapo kliniki, ikibidi kwa dawa ya usingizi, na usiione hiyo kuwa ni kushindwa kwako. Kumfungua mbwa bamba la namna hiyo akiwa macho, saa nzima, ni kumtesa. Usimpe kamwe vidonge vya usingizi vya watu ili umnyoe nyumbani. Baada ya mafundo mazito ya masikio kuondolewa, mchunge kwa siku mbili tatu asitikise kichwa kwa nguvu, kwa sababu mishipa iliyokuwa imebanwa huweza kupasuka na sikio likajaa damu likavimba kama mto. Hilo nalo ni la daktari. Vivyo hivyo kidonda kinacholowa, kichwa kinachoinama upande mmoja, au manyoya yasiyoota miezi mingi baada ya kukatwa, ambayo huweza kuwa dalili ya upungufu wa homoni ya tezi ya shingoni. Hakikisha unayemwendea amesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Iwapo baada ya kujaribu kwa dhati utaona kwamba dakika 15 hizo hazipatikani nyumbani kwako, basi mpunguze mwili mzima kwa mashine yenye kitana cha kuongeza urefu, abaki na sentimita moja au mbili, kila baada ya wiki nane hivi. Utapoteza mng'ao wa mgongo, na itakubidi uendelee hivyo, lakini mbwa mfupi asiye na mafundo ana maisha mema kuliko mbwa mrefu anayeumia. Na kama msaidizi wako wa nyumbani hapendi kumgusa mbwa, hasa akiwa na maji, kwa ajili ya dini yake, usimlazimishe; kazi hii inataka mikono ya mtu ambaye mbwa anamwamini.

Yale mafundo ya kwapani ambayo utalazimika kuyakata yataacha mapengo yanayoonekana vibaya kwa miezi kadhaa. Usijaribu kusawazisha upande wa pili. Yaache yaote, na kila jioni pitisha kitana kwenye mapengo hayo yakiwa bado mafupi, maana manyoya yanapoanza kuota ndipo mafundo mapya hujifunga kwa urahisi.